Kitako cha Bastola

"Kwani mbao inapiga risasi?" Mwasiti aliuliza siku mjomba wake alipokamatwa.

Mjomba Kibwana alikuwa na kibali cha bastola ya kutishia nguruwe pori shambani. Mikono ilipoanza kumtetemeka, akaichongea kitako cha mbao cha kuegemeza begani. Diwani Lukuba, aliyekuwa na kibali kama hicho, akamshtaki: bastola yenye kitako ni bunduki, na mzee hana kibali cha bunduki. Diwani alilitaka shamba la mzee: amwachie, au akaozee jela.

Mahakamani Mwasiti alisimama kumtetea mjomba, mpole kama aliyekuja kuomba chumvi.

"Shikamoo, diwani."

"Marahaba. Uliza upesi."

"Mjomba alikuwa amekichomoa kitako. Kilining'inia ukutani tu."

"Hata kingekuwa jikoni! Anacho, na kinaingia kwenye bastola. Hiyo ni bunduki."

"Hata kama mtu hajawahi kukichomeka?"

"Hata kama."

"Na akisema hakujua kuwa kinaingia?"

"Binti, hayo ni maneno ya wezi. Mtu kama huyo ni jela, awe nani!"

Hakimu akaitikia kwa kichwa, akaandika.

Mwasiti akamgeukia. "Mheshimiwa, diwani amening'iniza bastola yake kiunoni, ndani ya ala nzuri ya mbao aliyopelekewa zawadi wiki jana. Niliichonga mimi. Naomba umwambie aitoe bastola, kisha achomeke ncha ya ala nyuma ya mpini wa bastola, tuone kama haigeuki kitako."