Jina Moja Juu ya Toleo

Nawapa watu watatu, nanyi mnipe hukumu, maana mimi nimeshindwa. Mwanahawa ana karama ya kuuliza, Hatibu ya kuunda, Ramla ya kutilia shaka.

Niliunda lugha ndogo ya kompyuta, nikaiita Shanga. Kila toleo hubeba juu yake jina la marehemu mmoja, aombewe. La kwanza lina jina la mke wangu. Kaburini pake niliweka nadhiri: toleo moja, jina moja.

Mwanahawa hutunza orodha ya marehemu wa msikiti wetu. Kila Ijumaa kompyuta husoma kwanza aliyefariki mwisho. Lakini Shanga huhesabu kutoka mwanzo, tena huanzia sifuri. Ijumaa moja majina yalikuwa arobaini na moja. Akaomba la arobaini na moja. Kompyuta, ambayo kwake la mwisho lilikuwa la arobaini, ikajibu halipo, na dua ikapita bila jina hilo. Lilikuwa jina la mumewe.

"Mwalimu," akaniambia, "kwa nini tusihesabu kutoka mwisho? Hasi moja awe wa mwisho, hasi mbili aliye kabla yake."

Hatibu alikuwa akimuuguza mama yake. Aliandika hesabu hiyo ya hasi kando ya kitanda, siku tisa. Siku ya tisa hasi moja ikaleta jina la mwisho. Siku ya kumi tukamzika mama.

Ramla akauliza, "Na orodha ikiwa tupu?"

"Dada, mtaa gani haujafiwa?" akajibu Hatibu.

"Mtaa mpya kule bondeni."

Akajaribu. Kompyuta ikachota jina katika orodha iliyo jirani ndani yake, ya wanafunzi wa madrasa: mtoto mzima, mwenye afya. Ramla alimzika bintiye mwaka juzi. Alirekebisha mpaka kompyuta ikajibu, "Hakuna." Akasema, "Alhamdulillahi."

Sasa kila mmoja ana marehemu wake anayetaka aandikwe juu ya toleo hili.

"Bila swali langu mngekuwa bado mnahesabu kwa vidole," alisema Mwanahawa.

"Swali haliendeshi kompyuta, shangazi," alisema Hatibu.

"Na kazi yako ingemwombea rehema mtoto wa watu ilhali yu hai," alisema Ramla.

Kisha wakanitazama mimi.

Toleo linatoka Ijumaa. Mume, mama, au binti. Nafasi ni moja, na bado iko tupu. Nimeswali, nimesubiri, nimechoka. Je, ninyi mngeandika jina la nani?