Ni Vumbi Tu, Mama

Wapendwa, kabla hatujafungua Neno nataka niwapandishe mlimani kidogo. Msiogope, mtabaki mmeketi hapo hapo kwenye mabenchi yenu.

Kulikuwa na mtu mmoja katika nchi ya vilima, kazi yake kuwatembeza wageni kwa baiskeli. Si baiskeli hizi zetu za kubebea mkaa na mikungu ya ndizi. Ni zile za milimani, zenye matairi manene na gia nyingi, ambazo mtu huzipanda amevaa kofia ngumu na glavu kana kwamba anakwenda vitani. Njia zake zilipita porini na kandokando ya mashamba, na zilikatiza mahali ambapo watu wa kale waliacha kazi za mikono yao. Palikuwa na jabali lenye michoro myekundu ya wanyama, na juu zaidi boma la mawe lililojengwa bila udongo wala chokaa, na baada ya boma mfereji wa zamani sana ulioteremka ubavuni mwa mlima. Yeye alitangulia mbele ya msafara. Nyuma kabisa alikaa mdogo wake wa kike, aliyewasukuma waliochoka na kuziba pancha. Wenyewe waliziita nafasi hizo kichwa na mkia.

Siku moja wakaja wageni wanne, walimu wa shule moja ya mjini. Mkubwa wao alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mchangamfu, aliyeahidi wanafunzi wake kwamba ataiona michoro ile kwa macho yake. Wakati wa chai yule mtu akajisifu. Akasema, "Hapa kwangu haitoki baiskeli ambayo sijaikagua kwa mkono wangu. Kila asubuhi, moja moja." Wageni wakatikisa vichwa kwa kuridhika, mmoja akasema, "Ndiyo maana tulikuchagua wewe."

Na hakudanganya kuhusu siku nyingine. Ila asubuhi ile alikuwa amechelewa kuamka, kwa hiyo alijisifu kwanza, kisha akaenda kukagua.

Baiskeli tano alizikuta nzima. Ya sita alipobonyeza breki ya nyuma, ikaingia mpaka mwisho bila kushika kitu. Akainama. Raba zilikuwa zimekwisha, chuma kinasugua ringi. Akatazama ya mbele: waya umechanika, zimebaki nyuzi mbili tu. Alipoinua uso, yule mama mkubwa alikuwa amesimama mbele yake, kofia kichwani, mikono tayari iko kwenye usukani. "Hii ndiyo yangu," akasema. "Inanitosha kimo."

Raba na waya vilikuwa kwa fundi, saa mbili kwenda na kurudi. Na saa mbili si kitu, wapendwa. Kilichomshinda ni sentensi moja. Alitakiwa aseme, "Mama, iache hiyo, ni mbovu, na pale mezani nilijisifu bure." Akayapima maneno hayo mdomoni, akaona aibu. Akasema, "Haya, twendeni."

Sasa mnamfikiriaje mtu huyu? Mnasema ni katili? Mimi nasema alikuwa mtu mwema, mwenye huruma, anayempenda mgeni, na hilo ndilo linalonitisha.

Kwa maana tangu gurudumu la kwanza lizunguke, hakupata raha. Akamweka yule mama nyuma yake karibu kabisa, akawa anapanda huku masikio yako nyuma. Kwenye tambarare alimwomba Mungu. Kwenye kila kiteremko kidogo alinyanyua mkono na kusema, "Polepole, mama, polepole," mpaka mama akamuuliza, "Mbona polepole zote naambiwa mimi peke yangu?" Akajibu, "Njia ina changarawe." Wenzake wakacheka, wakamtania mama kwamba ameonekana mzee.

Walipokaribia jabali la michoro palikuwa na mshuko mfupi, hatua kama thelathini. Yule mama akampita kiongozi. Hakutaka kumpita, alipitishwa. Akasimama mbele kwa kuburuza viatu, vumbi likamfunika, akacheka kwa pumzi fupi. "Baba, breki zangu hizi zinalia."

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa wazi. Mama mwenyewe amesema. Alichotakiwa mtu yule ni kuitikia tu, aseme, "Ni kweli, mama, ni mbovu."

Akasema, "Ni vumbi tu, mama. Likikauka huwa zinalia hivyo."

Wakatazama michoro. Aliwaeleza vizuri sana siku ile, juu ya twiga na wawindaji na jinsi rangi ile ilivyodumu miaka isiyohesabika, na ulimi wake ulikuwa mwepesi kwa kila jambo isipokuwa lile moja. Mara mbili alimsogelea mama, mara mbili akamwonyesha tu mnyama mwingine ukutani.

Wakapanda tena, na jua likafichwa na mawingu. Walipofika kwenye boma la mawe, upepo wa mvua ulikuwa umeanza. Mbele yao ulibaki mteremko mmoja, ule wa kando ya mfereji wa kale. Upande mmoja mawe, upande mwingine mfereji na chini yake bonde, kona nne, na hakuna mahali pa kuburuza viatu. Alikuwa anaufikiria mteremko ule tangu asubuhi. Sasa umefika.

Aliwaingiza wageni watatu bomani kuwaonyesha lango dogo ambalo mtu hupita ameinama. Mama hakuingia, alisema magoti yanauma, akabaki nje na yule dada wa mkiani. Ndani, mtu wetu anaeleza habari za kuta huku jasho linamtoka. Na hapo akili ikamletea njia. Mnaijua ile njia ambayo akili hutuletea ili tusiseme? Akaona heri. Akatoka upesi, akamwita mdogo wake pembeni.

"Leo tangulia wewe," akamwambia. "Teremka sasa hivi mpaka kona ya nne, usimame upande wa bonde. Yule mama akija kwa kasi, mkinge."

Dada akashangaa. "Kwa nini aje kwa kasi? Na nyuma atakaa nani?"

"Nyuma nitakaa mimi. Ni mwoga wa miteremko tu. Nenda, usichelewe, mvua hiyo."

Dada akamtazama kidogo, lakini hakuwa na desturi ya kubishana na kaka yake mbele ya wageni. Akachukua baiskeli iliyoegemezwa ukutani, akapanda, akapotelea nyuma ya mawe. Na yule mtu, mtanisamehe nikisema hivi, akajisikia vizuri. Alijiona amewajibika. Amepanga mtu wa kumkinga mama, mama yuko salama, na siri iko salama.

Wakafika kichwani mwa mteremko. Matone ya kwanza yakaanguka. Akatazama chini, akaona mawe yanang'aa kwa maji, akawaza raba zilizokwisha, na sasa ringi imelowa. Akamtazama mama, ambaye alikuwa anafunga mkanda wa kofia yake kwa vidole vyenye baridi. Wala msidhani alikuwa shujaa. Alishindwa tu kuendelea kubeba.

"Mama, shuka," akasema. "Naomba ushuke. Nina neno la kukuambia, na nimelificha tangu asubuhi. Baiskeli hiyo haina breki. Niliona kabla hatujatoka, nikaona haya kusema. Si vumbi. Hata ulipouliza nilikudanganya. Nisamehe."

Mama akashuka taratibu, akaitazama baiskeli, akamtazama yeye.

"Lakini hii si ile ya asubuhi," akasema.

"Unasemaje, mama?"

"Ile ilinichosha. Pale bomani mlipokuwa ndani nilimlalamikia dada yako, akanipa yake. Akasema ndiyo kazi ya anayekaa nyuma, akiona mgeni anapata shida hubadilishana naye. Nilimwambia zile breki zinalia. Nikamwambia umesema ni vumbi." Akageuka kutazama njia aliyoteremka dada. "Akaniambia, kama kaka amesema ni vumbi, basi ni vumbi."

Wapendwa, baiskeli zote sita zilikuwa za aina moja na rangi moja, na zote zilikuwa nyekundu kwa vumbi la njia. Siku nzima hakuwa akimtazama mama kwa macho, alikuwa akimtazama kwa hofu, na hofu haioni vizuri. Amemlinda mtu aliye salama. Na yule asiye salama amemtuma mwenyewe, kwa kinywa chake, akamwambia asichelewe.

Akateremka. Sijui niwaelezeje alivyoteremka. Aliita jina lake kona ya kwanza, akaita kona ya pili, mvua sasa inapiga usoni. Kona ya tatu akaona alama ya tairi, imenyooka pale ambapo ilitakiwa kupinda.

Dada alikuwa ndani ya mfereji wa kale, chali juu ya mawe, na baiskeli imemlalia. Kuta za mfereji ndizo zilizomzuia asifike bondeni. Mguu wake mmoja ulikuwa umeelekea kusikostahili mguu kuelekea. Lakini alikuwa na fahamu, na alipomwona kaka yake akamshika shati kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

"Kaka, rudi juu," akasema. "Wazuie wageni. Breki hazishiki. Sijui za wengine zikoje, wasiteremke hata mmoja. Niache mimi, rudi."

"Hawateremki," akamjibu huku analia. "Wamesimama. Nimekwishawaambia breki ni mbovu."

Dada akashusha pumzi, akamshukuru Mungu. Kisha akamtazama.

"Ulijuaje?"

Yule mtu akainama, akaanza kumwondolea baiskeli.

Mnataka kujua kama alipona. Alipona. Mfupa uliungwa, sasa anachechemea kidogo, na bado yuko na kaka yake katika kazi. Lakini msikimbilie huko, naona wengine mmeanza kupumua. Nataka mbaki na mimi hapo kwenye mfereji. Mtu amelala mguu umevunjika, na neno la kwanza linalomtoka ni kuwaonya wengine. Lilimchukua pumzi moja. Kaka yake, mzima wa afya, alikuwa na siku nzima.

Sasa tuje kwetu sisi. Maana sisi ni mabingwa wa "polepole, mama". Tunajua kabisa kilichoharibika, na badala ya kukitaja tunagawa tahadhari. Mzazi anamwambia binti yake, "Usiwe unakaa sana kwa mjomba," na hasemi alichokiona. Mume amepata majibu hospitalini, amekunja karatasi, na anamwambia mkewe, "Siku hizi tupumzike tu." Tunajenga ua kuzunguka jambo badala ya kulisema, halafu tunalala tukijiita waangalifu. Na mimi ninayewahubiria nimo humo. Wiki mbili sasa kuna mzee wa kanisa hili ambaye nimekuwa nikimwambia ajihadhari, ajihadhari, wakati aibu ni yangu na neno ni langu. Ameketi hapa, na nitamfuata ibada ikiisha.

Mtu yule alidhani anachagua kati ya aibu yake na usalama wa mgeni mmoja. Hakujua baiskeli itabadilishwa. Na wewe hujui. Kile unachokificha hakikai mahali ulipokificha. Kinapita mikononi mwa watu, na kwa kuwa wanakuamini wewe, wanakipanda bila kukikagua. Kama kaka amesema ni vumbi, basi ni vumbi. Ni nani leo anateremka akilitegemea neno lako?

Kwa hiyo sitaomba sasa hivi. Kila Jumapili nawaambia mzime simu. Leo nasema, mwenye mtu wake aliye kichwani mwa mteremko atoke nje ampigie. Usitafute maneno mazuri, sema tu, "Nilijua." Wanakwaya wakae kwanza. Tutawangoja mrudi.