Zawena Hajambo

Hii nimeletewa na shemeji yangu, ambaye siku zote hutuma vichekesho tu. Safari hii hakutuma kichekesho. Isome taratibu, kisha mpelekee mwenye mgonjwa nyumbani.

Katika milima fulani palikuwa na ukoo wenye ugonjwa wa kurithi. Ukimtazama mtoto anapozaliwa, huoni kasoro. Lakini mwili wake haujui kuweka akiba ya chakula. Akikaa na njaa kidogo tu hulegea, na mara nyingine huzimia. Dawa ya kumponya haikuwapo. Kilichokuwapo ni uji maalumu, na mzazi alipaswa kuamka usiku kumnywesha, kila siku ya Mungu.

Daktari mmoja, jina lake Shemkai, aliamua kuufuatilia ugonjwa huo mpaka aijue tabia yake: unaanza vipi, unakaza lini, unalegea lini. Kila mwaka aliwapima damu watoto walewale. Walikuwa wachache, wanaenea kwenye benchi moja. Ugonjwa adimu ndivyo ulivyo. Neno la mzazi mmoja huwa na uzito wa kijiji kizima.

Miongoni mwa wazazi hao alikuwamo Mama Zawena. Mwanamke huyu alilelewa vizuri mno, na hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Kwao, mtu hapelekwi mbele ya mgeni akiwa hoi. Siku ya kliniki ikikaribia, Zawena alipumzishwa, akashindiliwa chakula, akapakwa mafuta mpaka akang'aa. Njiani alibebwa mgongoni, ingawa alishakuwa mkubwa, akateremshwa mlangoni.

"Mwaka huu kazimia?" daktari huuliza.

"Aa, hajambo, Daktari. Tunamshukuru Mungu."

Na damu ya siku hiyo ilikubaliana naye. Damu husema habari za leo, haisemi za juzi.

Miaka ikapita. Mama Zawena akajaliwa mtoto wa pili, Mbwana, naye akawa na ugonjwa uleule. Mbwana alipoanza kutembea, daktari aliwapokea kliniki kwa tabasamu.

"Mama Zawena, leo nina habari njema. Nimemtazama dada mtu mwaka hadi mwaka. Tangu aanze kutembea hajazimia hata mara moja. Naona ugonjwa huu hupoa mtoto akikua. Basi kuanzia wiki hii tumpunguzie Mbwana uji wa usiku, nawe upate usingizi. Na wale wenzako pale nje nitawaambia hivyohivyo."

Mama Zawena alitazama mlangoni. Wenzake walikuwa wameketi kwenye benchi, wamepakata watoto wao. Akaingiwa na hofu ambayo hajapata kuijua.

"Daktari, usimpunguzie."

"Kwa nini?"

"Zawena anazimia." Aliyasema akiwa bado anatazama mlangoni. "Mwezi uliopita kaangukia mtoni, jirani ndiye aliyemtoa. Asubuhi magoti hayamwinui. Kila mwaka nakudanganya."

Daktari aliketi. Alikasirika, asije mtu akasema hakukasirika.

"Miaka yote hii! Kwa nini, mama?"

"Mwaka ule wa kwanza, Zawena akiwa bado anatambaa, nilikueleza yote. Ukavua miwani, ukalia. Nikajisemea, huyu naye akikata tamaa, nani atatutazama? Nikaona nikutulize moyo."

Daktari akasema, "Kwa hiyo ulikuwa na mgonjwa nyumbani, ukaona uniuguze na mimi."

Uji wa Mbwana haukupunguzwa, wala wa mtoto mwingine yeyote. Daktari akamwita Zawena, akamkalisha mbele yake, akamwuliza yeye mwenyewe panapomsumbua. Mtoto akamtazama mama yake kwanza. Mama akaitikia kwa kichwa, machozi yakimlengalenga.

Zawena akaanza kusema, na hakumaliza upesi.

Funzo: Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mara nyingine kifo humpita yeye, kikamfuata asiyeficha kitu. Mwambie tabibu ukweli, hata kama utamliza.