Chuo cha Neno "Teki"

Hapo zamani, katika mji wa Kimbuya, palikuwa na sultani aitwaye Mwinyi Sadala, mtu mwenye akili nyingi mno, kwa maana mawaziri wake walimwambia hivyo kila asubuhi. Palikuwa pia na maskini mmoja jina lake Vuai, ambaye hakuna aliyepata kumwambia kwamba ana akili, wala yeye hakudai.

Ikawa siku moja akafika mfanyabiashara wa Kiingereza, akakaribishwa barazani, na mkalimani wake akaeleza kwamba kwao kuna neno "teki" lifanyalo kazi zote. Mwingereza huteki kiti akaketi, huteki chai akanywa, huteki dawa, huteki mke, na akichoka na wenyeji wake huteki ruhusa akaenda zake. Sultani akalipenda neno lile kuliko zawadi zote alizoletewa, kwani lilifanya kazi za maneno wenzake wote bila ujira na bila kunung'unika, na raia wa namna hiyo ndio aliokuwa akiwatamani siku zote. Akaapa kwamba mgeni atakaporudi atamkuta amekwisha kuzijua maana zake zote.

Basi, kisima cha jumba la Sultani kilikuwa kimeingia chumvi, na mawaziri, baada ya kufikiri sana kivulini, walikata shauri kwamba wake za maskini wachote maji ya jumbani kutoka kisima cha bondeni. Mwanakheri, mkewe Vuai, alikuwa mmoja wao, naye ana mimba kubwa. Kila jioni alirudi ameshika kiuno, shingo haigeuki, na Vuai akawa anamkanda kwa hofu ya kumpoteza yeye na mtoto pia. Mwisho uvumilivu ukamshinda, akaenda barazani kumwombea mkewe.

Sultani akamtazama, akakumbuka kwamba mtu huyu aliwahi kufagia meli ya Waingereza.

"Ewe Vuai," akasema, "utanifunza maana zote za 'teki' kabla mgeni hajarudi. Ukiweza, mkeo atapumzika. Ukishindwa, wewe utafungwa, naye ataendelea kuchota."

Masikini Vuai, Kiingereza alichokipata melini kilikuwa matusi matupu, na hata hayo hakujua yamaanisha nini. Lakini akainama, akajibu, "Nimekubali, Maulana, ila nikusomeshe kwa desturi ya chuo."

Na desturi ya chuo cha Kurani yajulikana: mwanafunzi, awe mwana wa nani, humtumikia mwalimu wake, humchotea maji na kumchanjia kuni, wala hahoji mpaka mwalimu amalize. Elimu ya asiyetumikia haina baraka. Sultani alikuwa akijigamba kwamba hakuna ukoo ulioiheshimu desturi hiyo kama ukoo wake, basi akala kiapo mbele ya baraza zima.

Kesho yake akaja kwa Vuai na kilemba kipya, mawaziri na askari nyuma yake. Vuai akamkabidhi mtungi, akasema, "Teki."

Sultani akauliza maana yake. Vuai akamjibu kwa upole kwamba maana iko kisimani, na pipa la mwalimu ni kavu, kwa sababu mke wa mwalimu anamchotea mwanafunzi maji ya jumbani. Askari mmoja akanyoosha mkono ampokee bwana wake. Vuai akamzuia.

"Akibeba huyu," akasema, "maana itamwingia huyu."

Basi Sultani akashuka bondeni. Pale kisimani hakuna mkubwa wala mdogo, atanguliaye ndiye achotaye, naye akangoja juani nyuma ya wanawake ambao hawakujua wacheke au wakimbie. Zamu yake ilipofika akavuta kamba hata viganja vikachubuka. Mwanakheri, aliyekuwa hapo na mtungi wa jumbani, akamwonea huruma, akamsokotea kata ya majani ya mgomba aweke kichwani, akamwambia, "Usitazame chini, Maulana. Shingo ikipinda, maji yote ni yako."

Akapanda kilima, maji yakimwagikia kilemba. Mtungi ukafika nusu, akarudishwa. Ukafika nusu tena, akarudishwa tena, na mawaziri wakawa wanakohoa sana siku ile, kila mmoja ameziba mdomo kwa kanzu. Hatimaye pipa la mwalimu likajaa, na Sultani akaketi chini, mavumbini, akauliza kwa sauti ndogo zimebaki maana ngapi.

"Nyingi, Maulana. Hatujagusa kuni."

"Na Waingereza kweli husema 'teki' kwa kazi hii?"

"Sijui," akasema Vuai. "Kiingereza sijui hata salamu. Ninalolijua ni kwamba mke wangu huifanya kazi hii tangu alfajiri hadi magharibi, naye ana mtoto tumboni. Hilo nisingeweza kukueleza kwa maneno, ya kwetu wala ya kwao."

Watu wakangoja kuona kichwa cha Vuai kikianguka. Sultani akajaribu kumgeukia mkuu wa askari, lakini shingo ikakataa. Uso ukamwiva kwa haya.

"Mwambie mkeo asije kesho," akasema.

"Na wenzake, Maulana?"

"Wala wenzake."

Hapo waziri mkuu, mtu mwenye kuona mbali, akauliza ni nani basi atakayechota maji ya jumbani. Sultani akainuka taratibu, akamwekea ile kata ya majani ya mgomba juu ya kilemba chake, akamkabidhi mtungi.

"Teki," akasema.

Na hekaya imetua mzigo hapa. Aliye na kiu, kisima kiko bondeni.