Nyegere, Bawabu wa Daktari Mbega

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Sema wewe!

Pakawa wagonjwa wengi, daktari mmoja na mlango mmoja. Sogeeni karibu. Mwenye usingizi akalale, maana hadithi hii haina harusi.

Hapo kale msitu mzima ulikuwa na daktari mmoja tu, Mbega. Alikuwa na manyoya meupe mabegani na mikono isiyotulia. Asubuhi anatwanga magome, mchana anafunga vidonda, jioni anatwanga tena. Hakuwa mbaya, alikuwa na kazi tu. Ya mlangoni hakuyajua, kwa sababu mlangoni alimweka Nyegere.

Nyegere mnamjua. Makucha marefu, ngozi ngumu, nyuki wanamuuma na yeye anaendelea kula. Aliwekwa pale apange foleni ili daktari asisumbuliwe. Basi akaketi mlangoni, akaujaza wote. Ukija na ndizi, anakula ndizi, anakwambia kaa. Ukija na mayai, anakula mayai, anakwambia kaa. Ukija mikono mitupu, anakwambia nenda.

Huko huko msituni alikuwapo Kindi, mama wa watoto wawili, Masika na Tabu. Mvua zilipokatika, homa ikaingia. Ikamshika Masika, ikamshika Tabu. Miili yao ikawa moto, shingo zikakauka kama vijiti. Kindi aliijua homa ile. Dawa yake alikuwa nayo Mbega peke yake, na siku ya tano ikipita mgonjwa hajainywa, basi tena.

Siku ya pili ya homa, Kindi akaenda kwa daktari. Tiri tiri tiri, mpaka mlangoni.

"Hodi, bwana Nyegere. Nina watoto wagonjwa."

"Daktari ana kazi."

"Nitamwambia neno moja tu."

"Una miadi?"

"Sina."

"Umeleta nini?"

"Sikuleta kitu."

"Mama, daktari ana kazi. Nenda."

Kwenye benchi walikuwa wameketi Kobe, aliyepasuka gamba, na Kunguru, aliyevunjika bawa. Kunguru akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

"Dada, kumbe wewe mgeni. Mikono mitupu hapa? Hata mimi na mdomo wangu huu nimeanza na mayai sita."

"Na umeshaonana na daktari?"

"Nimeshaonana na benchi," akasema Kunguru.

Siku ya tatu Kindi akaandika barua kwenye gome. Akaichora kwa meno, herufi moja moja, akaeleza ugonjwa na mahali anapokaa. Tiri tiri tiri, mpaka mlangoni.

"Bwana Nyegere, sitaingia. Mpe tu daktari barua hii."

"Weka hapo."

"Utampa leo?"

"Weka hapo, mama."

Akaiweka. Wakati wa kuondoka akapita nyuma ya nyumba, akaona shimo. Shimoni mlikuwa na barua. Barua za magome, barua za majani, nyingine zimeota uyoga. Na juu kabisa, ingali mbichi, barua yake. Jinsi ilivyofika haraka, ungesema ina miguu.

Siku ya nne Masika alikuwa hamjui mama yake. Kindi akafungua ghala la akiba, akatoa karanga zote alizoziweka kwa ajili ya kiangazi. Akazifunga kwenye jani la mgomba, katikati akaficha barua nyingine. Alifikiri hivi: Nyegere atachukua karanga, barua ataipeleka, walau kwa aibu.

Tiri tiri tiri, mpaka mlangoni.

Nyegere akanusa. Fuu, fuu. Akachana jani. Chwa! Akatia karanga mdomoni, gugu gugu gugu. Akatia na barua, gugu gugu gugu. Akameza.

"Bwana, hiyo ilikuwa barua!"

"Nilidhani ganda. Kaa benchini, mama. Leo umekuja kiungwana."

"Nikae mpaka lini?"

"Daktari ana kazi."

Kindi akakaa mpaka jua likazama, kisha mlango ukafungwa kwa makufuli mawili. Akarudi kwake.

Alfajiri Masika alikuwa amepoa.

Kindi akachimba, akamzika, akapiga udongo kwa mikono mpaka ukalala sawa. Hakulia sana, maana Tabu alikuwa bado anapumua, na siku ilikuwa ya tano. Akanawa mikono. Akaketi, akafikiri. Maneno hayafiki. Barua haifiki. Zawadi haifiki. Kinachoingia mlango ule ni kimoja tu: kinywa cha Nyegere. Kila kitu kinaingia humo.

"Basi barua yangu itapita humo humo," akasema.

Akapanda mfenesi, akakwangua utomvu, akauchemsha mpaka ukawa ulimbo, ule wanaonasia ndege. Akaandika barua ya tatu, akaipaka nta isilowe, akaizungushia ulimbo tabaka juu ya tabaka. Halafu juu ya ulimbo akaweka asali, kipande cha sega chenye harufu ya kumtoa mtu usingizini. Akafunga kwa kamba nyekundu, akaandika kwa herufi kubwa: WA DAKTARI MBEGA PEKE YAKE. MWINGINE ASIGUSE.

Akambeba Tabu mgongoni, akashika mzigo. Tiri... tiri... tiri... Siku hiyo alikwenda polepole.

"Nini hicho?" Nyegere akauliza, na pua imeshatangulia.

"Mzigo wa daktari."

"Ndani mna nini?"

"Siwezi kusema, bwana wangu. Ni wake peke yake."

"Peke yake?"

"Soma mwenyewe."

Nyegere akasoma. Akavimba shingo. "Peke yake nani? Kitu gani kinaingia hapa bila kupitia kwangu?"

"Basi kionje kidogo tu, kidogo sana, usije ukakimaliza."

Ni kama kuliambia jua lisichomoze. Nyegere akakitia kinywani chote na kamba yake. Kwapu! Akauma mara moja. Akauma mara ya pili. Mara ya tatu meno hayakuachana.

"Mm," akasema Nyegere.

"Tamu?" akauliza Kindi.

"Mm! Mmmm!"

Kunguru akaruka kutoka benchini, bawa likining'inia. "Bwana Nyegere! Daktari yupo?"

"Mm!"

"Ana kazi?"

"Mm! Mm!"

"Mimi nataka jibu, shemeji, si kuimbiwa!"

Benchi zima likacheka. Kobe alicheka mpaka gamba likamuuma, akaacha. Nyegere akajikwangua kwa makucha, makucha yakanata. Akaviringika, majani yakanata. Mwisho akafanya jambo ambalo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kulifanya: akausukuma mlango, akakimbilia kwa daktari.

Mbega akamkalisha. Akampaka mafuta ya nyonyo, akavuta. Nyaa... nyaa... Akapaka tena, akavuta tena. Katikati ya meno vidole vyake vikagusa kitu kigumu, akakichomoa, kumbe gome lililopakwa nta. Akalifuta kwenye manyoya yake, akasoma.

Akatoka mlangoni na barua mkononi. Watu wa benchi walikuwa hawajawahi kumwona.

"Nani kaandika hii?"

"Mimi."

Mbega akamgusa Tabu shingo. Uso ukambadilika. "Siku ya tano! Mama, mbona umechelewa kuja?"

Kindi akamtazama. "Nilikuja. Niliandika. Nilikuwa na watoto wawili. Muulize bawabu wako."

Mbega akageuka kumtazama Nyegere.

"Mm," akasema Nyegere.

Tabu alipewa dawa pale pale mlangoni. Alipona, ila mguu mmoja wa nyuma anauburuta. Masika hakupewa dawa, na mnajua kwa nini.

Sasa mtaniuliza, Nyegere alifukuzwa? Hakufukuzwa. Mbega alisema nani mwingine atapanga foleni, na Nyegere ana makucha. Akamkanya sana. Tangu siku hiyo Nyegere hali tena mizigo ya watu. Ana kijiti kirefu chenye ncha. Kila kinacholetwa anakichoma kwanza, choma choma choma, na barua zinatoka matundu matupu. Kobe bado yuko benchini. Kunguru alijifunga bawa mwenyewe, limepona vibaya.

Kwa hiyo, wanangu, fundisho ni hili. Mkienda kwa daktari, muwe na adabu kwa bawabu. Msimdanganye, msimletee vitu vya kunata. Kaeni mnapoambiwa kukaa, mngoje kuitwa, na kila mmoja atatibiwa kwa wakati wake. Masika alingoja vizuri sana, hakumsumbua mtu.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Aliyeitikia ameisikia, asiyeitikia atasimuliwa na benchi.