Bangili ya Bi Siwazuri

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akalale kwao, maana swali langu halimtaki mpiga miayo. Palikuwa na jicho, mkono na mdomo. Jicho la Rukia, mkamwana. Mkono wa Daktari Shemdoe. Na mdomo, tena mdomo hasa, wa Bi Nunu, wifi mtu.

Bi Siwazuri, mkunga wa Pangani, aliteleza uani akavunjika nyonga. Bibi huyu kazalisha mji mzima, na mzazi aliyepiga kelele alifinywa paja: "Jikaze! Uchungu hautangazwi!" Basi hospitalini naye, kila akiulizwa, "Bibi, unaumwa?" hujibu, "Sijambo." Kabla hajapasuliwa, akili ikahama. Akamwita mwanawe kwa jina la marehemu mumewe, akang'oa mpira wa dripu.

"Haya mashetani," mwanawe akasema. "Namtoa, nampeleka kwa mganga."

Angemtoa, mama asingesimama tena.

Rukia akamzuia mumewe mlangoni. Alikuwa amemwona mkwewe akiuma upindo wa kanga kila alipogeuzwa. "Mie kanizalisha huyu, najua anavyofundisha kunyamaza. Mama anaumwa, jamani! Maumivu ndiyo yanayomhamisha akili!"

Daktari kusikia hivyo, akamdunga sindano ya ganzi kinenani. Mguu ukatulia, uso ukakunjuka. Ila maneno yalikuwa bado ya ndotoni. Anamwagiza marehemu samaki.

Hapo akaingia Bi Nunu, dada wa marehemu, na miwani ya mgonjwa, iliyosahaulika nyumbani. Akamvisha, akafungua dirisha, akaanza utani wake: "We kizee, kaka yangu alioa nini hiki? Leo siku gani?" Mchana hakumwacha asinzie, usiku akawafukuza wageni wote ili mgonjwa alale.

Asubuhi moja mgonjwa akamkazia macho. "Nunu, leo Ijumaa. Na mdomo wako unanuka vitunguu."

Rukia alilia kwa furaha.

Akapasuliwa salama. Sasa ana bangili ya fedha, aliyovishwa na mkunga aliyemfunza, akasema atamvisha aliyemrudishia akili.

"Nisingeona, angekuwa kwa mganga," Rukia akasema.

"Kuona hakutulizi maumivu," daktari akacheka.

"Mlimtuliza," Bi Nunu akadakia, "lakini aliyemwita mpaka akaitika ni nani?"

Bi Siwazuri akajiinua ili aivue, kidonda kikamchoma. Akapiga ukelele, wodi nzima ikageuka: "Naumia, jamani!" Kisha akaitazama bangili. "Na mie niliyejifunza kulia uzeeni, sistahili kubaki nayo?"

Bangili ni moja, haikatwi vipande. Haya, wewe uliyekaa hapo unajikuna kichwa: ungemvisha nani?