Kwa Nini Dunia za Mbali Hujificha Kwenye Mwanga

Sogeeni. Mwenye shaka asiiache mlangoni, aingie nayo, maana kisa hiki ni chake.

Hapo kale mbingu hazikuwa na giza. Dunia zilikuwa nyingi, zimekaa karibu karibu kama nyumba za mtaa mmoja, na kila moja ililiweka jua lake uani, nyuma ya nyumba, mahali pa kupikia. Mtu akitaka chumvi alivuka kwenda dunia ya jirani, na akipeleka bakuli la mboga, bakuli halikurudi tupu. Milango haikuwa na komeo. Komeo lao lilikuwa hodi: unapiga ya kwanza, unanyamaza, unapiga ya pili, unanyamaza, ya tatu isipoitikiwa, unarudi kwako bila kinyongo. Kuchungulia kulikuwa aibu kubwa kuliko kuiba.

Katika dunia hii yetu aliishi mwanamke aitwaye Siwatu, na Mungu alimpa mtoto mmoja tu, Nyevu. Nyevu aliolewa dunia ya pili, kwa mwana wa Bi Mwatime. Siwatu hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na roho ya wasiwasi. Ukimsalimia haraka, una lako jambo. Ukimsalimia taratibu, una lako jambo kubwa zaidi. Hata siku ya harusi ya bintiye alikula wali huku akimtazama mpishi.

Basi Nyevu akaacha kuja. Siwatu akapeleka bakuli la kunde, makusudi, aone litarudi na nini. Alilileta Bi Mwatime mwenyewe, limejaa uji, akasema Nyevu hajambo, ana shughuli kidogo ya ndani, na kwamba mama yake ataitwa siku si nyingi. Alisema hayo akitabasamu chini chini. Siwatu akalinusa bakuli. Uji ulinukia pilipili manga. Akaumwaga nyuma ya nyumba, na kuku akawafukuza wasiuguse.

Sasa niambieni, ni mwanamke gani mzima asiyejua uji wa pilipili manga hupikiwa nani? Siwatu mwenyewe alikuwa amewapikia waliojifungua wangapi mtaani. Na desturi ya zama hizo aliijua vilevile: mtoto wa kwanza hatangazwi, hata kwa bibi yake, mpaka siku ya kunyolewa, ndipo bibi huitwa ampokee na kumpa jina. Lakini kilichojulikana na pua, moyo ulikikataa. Akawaza kwamba mwanawe amefungwa ndani. Akawaza kwamba anapewa dawa. Mwisho akawaza kwamba Nyevu hayupo tena, na yule mama analeta uji ili asiulizwe, na wazo hilo likamtoa machozi.

Akavuka. Hakupiga hodi. Alizunguka ukuta, akatafuta udongo uliolegea kati ya fito, akachokoa kwa kidole, akaweka jicho. Akamwona Nyevu amekaa mkekani, ameinama, kanga mpaka kichwani. Mbele yake alikuwa Bi Mwatime, wembe mkononi.

Siwatu hakungoja kuona kilichopakatwa. Aliuvamia mlango akipiga kelele za mwizi. Bi Mwatime akashtuka, mkono ukateleza, na mapajani mwa Nyevu kikasikika kilio cha mtoto mchanga. Damu ilimtiririka utosini. Ilikuwa ndiyo siku ya kunyolewa, na mjumbe wa kumwita bibi alikuwa amekwisha kutumwa, wakapishana njiani.

Mtoto alifungwa kitambaa, akatulia. Siwatu akanyoosha mikono ampokee. Bi Mwatime hakumpa.

“Mkwe wangu,” alisema, “nyumba hii ilikuwa yako. Ungepiga hodi tu.”

Wengine husema mama huyo alikuwa akitafuta sababu ya kuhama siku nyingi. Mimi sijui, na kwa tabasamu lile la chini chini, siapi. Ninachojua ni kwamba siku hiyohiyo alilitoa jua lake uani, akaliweka mbele, kwenye njia ya macho ya Siwatu, ili anayechungulia achomwe na mwanga. Kisha akaihamisha dunia yake mbali. Majirani waliposikia walitazamana, kila mmoja akajiuliza ni nani aliyekwisha kumchungulia. Nao wakatoa majua yao mbele, wakahama, kila mtu kivyake. Nafasi waliyoiacha ndiyo giza.

Kabla hawajaondoka, Nyevu aliinama kwenye lile tundu la ukutani, akasema na mama yake aliyekuwa nje.

“Mama, nyumba itauzunguka moto wa jua letu ili kila upande upate joto. Tukipita mbele yake, mwanga utafifia kidogo. Hiyo ni hodi yangu. Ya kwanza hutaiamini, ya pili utasema ni nzi. Ngoja ya tatu.”

Siwatu akakaa uani akiutazama ule moto, ambao sasa ulibaki nukta. Ukafifia. Akasema macho yake yamechoka. Ukafifia tena, akasema Bi Mwatime anamdhihaki. Kikapita kimya cha muda uleule uliopita kati ya ile ya kwanza na ya pili, kisha mwanga ukafifia mara ya tatu. Hapo aliamini. Alisimama akaitikia karibu, karibu mwanangu, mpaka sauti ikamkauka, na haikufika popote. Alijuta mpaka kufa kwake.

Na tangu siku hiyo dunia zinazofanana na yetu hazionekani, zimezama katika mwanga wa majua yao. Wanaozitafuta kwa darubini huutazama moto. Ukififia mara moja, hutiliana shaka wao kwa wao. Ukififia tena, hunong'onezana. Mpaka ya tatu ije kwa wakati wake ndipo husema labda pale pana nyumba. Huuliza kama ina maji, kama ina hewa ya kuvuta. Hodi wanaiona, lakini karibu yao haifiki.

Wala msidhani ni sisi tu tunaotazama. Dunia yetu nayo hupita mbele ya jua lake, na huko mbali kizazi cha yule mtoto mwenye kovu hukaa kikiliona likififia. Hawaitikii. Waliambiwa na bibi yao Bi Mwatime kwamba huku wanakaa watu wa kuchungulia, na sasa wao ndio wanaosema ni nzi.